Manyoya ya jogoo mweusi yameyeyuka kwa jiki, nawezaje kupata rangi ya zaituni hafifu ya kufungia flai?

fundi_kariobangi

Habari zenu wadau. Mimi hufunga flai, zile ndoano zinazovikwa manyoya zifanane na wadudu wa kunasia samaki, niko Kariobangi, nimekaa kiwandani miaka tisa nikifunga kwa dazeni na tangu mwaka jana nafanya yangu nyumbani na mke wangu na shemeji. Kule kiwandani manyoya yalikuwa yanatufikia mezani yakiwa yashatiwa rangi, yamepangwa kwa mifuko, sisi ni kufunga tu, chumba cha rangi kilikuwa nyuma huko na sikuwahi kuingia hata siku moja.

Sasa nimepata oda ya kastoma wa Scotland, dazeni 40 za flai za kuzama za samaki trauti, anataka manyoya ya shingo yawe zaituni hafifu, na dazeni zingine 10 za kuelea za kijivu kile cha moshi. Manyoya niliyo nayo ni ya jogoo weusi na wekundu, ngozi ya shingo nzima nanunua kwa wachinja kuku sokoni. Nikaona basi nitoe weusi kwanza halafu nitie rangi ninayotaka juu yake.

Nikachukua jiki, nusu jiki nusu maji, nikatumbukiza shingo mbili. Dakika tano hakuna kitu, dakika kumi maji yakaanza kutoa povu na kugeuka kahawia nikafurahi nikajua kazi inafanyika, nikaenda kuchukua mtoto shule. Kurudi baada ya kama dakika arobaini nimekuta uti mtupu na kitu kama uji chini ya beseni. Shingo zote mbili zimeenda. Nilijaribu tena na jiki kidogo sana, haikuyeyuka lakini vinyuzi vimekuwa vinakatika ukivuta kidogo tu, huwezi kuzungusha kwenye ndoano.

La pili, nilikuwa na manyoya machache meupe nikayatia rangi ya kawaida ile ya pakiti ya kurudishia nguo za pamba. Yalitoka mazuri nikayasuuza, rangi yote ikaenda na maji ikabaki kama manjano ya kuchafuka.

Naomba mwenye kujua anieleze hatua kwa hatua. Nimefikiria safari hii nitumie jiki kwa muda mfupi halafu nimwagie vinega hapo hapo ili nguvu yake ife, sijui kama ni sawa. Na pia ndugu yangu anafuga kanga Machakos, ana kibali cha KWS, lile shirika la wanyamapori, ananiletea manyoya bure, je hayo yanatolewa rangi namna gani?

Saluni_Kisauni

Ndugu yangu USIMWAGE SIKI KWENYE JIKI. Nimeingia kujibu hili kwanza kabla ya kitu chochote. Jiki na siki vikikutana inatoka hewa ya klorini, na jiki na amonia ni hivyo hivyo hewa nyingine mbaya, kwenye chumba kidogo chenye mtoto ni hatari ya mapafu kweli kweli. Hata beseni ulilotumia jiki lioshe kabisa kabla hujatia kitu kingine.

Mimi sifungi flai, natengeneza nywele, lakini unyoya na nywele ni ndugu. Sisi hatutoi rangi nywele kwa jiki hata siku moja, tunatumia peroksaidi. Ukienda duka la vifaa vya saluni utaona chupa zimeandikwa voliumu 10, 20, 30, 40. Ya 10 ni asilimia 3, ya 20 ni asilimia 6, ya 30 ni asilimia 9, ya 40 ni asilimia 12. Kwa kitu laini kama unyoya anza na ya 20, ya 40 usiiguse, inachoma ngozi ya mkono pia, ikikushika vidole vinakuwa vyeupe na vinawasha. Vaa glavu. Jaribu kupata ile ya maji, ile ya krimu itajaa katikati ya vinyuzi utasuuza mpaka uchoke.

Na ukishachanganya usifunge kwenye chupa ukakaza kifuniko, inatoa hewa muda wote, chupa inapasuka. Acha wazi au funika na sahani tu.

mama_chumba_cha_rangi

Kijana wa Kariobangi, pole kwa zile shingo mbili. Mimi nilikaa kwenye hicho chumba cha nyuma unachosema, si kiwanda chenu lakini kazi ni ile ile, miaka kumi na saba nikitia rangi manyoya ya kuku, bata mzinga, kanga, na manyoya ya mkia wa tausi. Nakuandikia kirefu kwa sababu hii kazi watu wanaifundisha kwa mdomo na wenye kuijua tunazeeka.

Kufikiria jiki si ujinga kabisa, jiki ina kazi yake kwenye manyoya ila kazi yake ni KULA. Tunaitumia kwa tausi. Ule uzi wa tausi ulio na vumbi vumbi la kijani pembeni, ukitaka kupata uti wake mtupu wenye mstari mweusi na mweupe wa kuzungushia mwili wa flai, unautia kwenye jiki iliyokatwa na maji, unatikisa, unasimama hapo hapo unaangalia, dakika moja mbili vumbi limeliwa, unatoa haraka unatia kwenye maji mengi yenye magadi ya kuokea, unasuuza tena na tena. Ukichelewa na uti nao unaliwa. Kwa hivyo ulichoona kwenye beseni lako ndicho jiki inachofanya siku zote, hukukosea kipimo, ulikosea dawa.

Kutoa rangi ni peroksaidi kama dada wa saluni alivyosema. Mimi nafanya hivi. Kwanza kabisa unaosha. Hapa ndipo watu wengi wanaharibu na hawajui, kuku ana mafuta, na ngozi ya shingo mbichi ina mafuta zaidi, rangi haishiki kwenye mafuta na peroksaidi haipiti kwenye mafuta, unapata mabaka. Kwangua mafuta yote upande wa ndani wa ngozi kwa kisu butu, halafu loweka usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya maji ya vyombo, asubuhi suuza, kama maji bado yana utelezi rudia. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia, zingine zina vitu vya kung'arisha ndani na zitakuharibia hesabu.

Halafu beseni la plastiki au la kioo, si sufuria ya alumini na si kitu chenye kutu, chuma kinaimaliza nguvu ya peroksaidi kabla haijafanya kazi. Peroksaidi ya asilimia 6, au ya 9 ukaikata na maji, iwe vuguvugu ya kuweka mkono wenye glavu bila kushtuka. Amonia kidogo, mimi natia kijiko kimoja cha chai kwa lita, bila amonia itafanya kazi lakini polepole sana. Fungua dirisha. Tumbukiza manyoya yakiwa tayari yamelowa, yakandamize chini na sahani maana yanapanda juu na yaliyo juu hayabadiliki. Kisha subiri na uwe unaangalia, mimi huangalia kila nusu saa. Shingo nyekundu inaweza kuchukua masaa mawili matatu. Nyeusi inaweza kulala usiku mzima, na asubuhi utatia dawa mpya.

Sasa sikiliza vizuri hapa, nyeusi HAITAKUWA nyeupe. Itapita kahawia ya chokoleti, halafu nyekundu ya kutu, halafu tangawizi, halafu ukiwa mvumilivu rangi ya majani makavu. Ukiisukuma zaidi ya hapo inakatika kama ulivyoona. Kwa hivyo kabla ya kuanza ujue unataka kufika wapi. Ukitaka tangawizi na kahawia nzuri, toa rangi nyeusi, utapata kahawia ambayo huwezi kuipata kwa pakiti. Ukitaka zaituni hafifu, usianze na nyeusi, utachoka na utakosa.

Ukitoa kwenye dawa suuza maji baridi mengi mpaka harufu iishe, ndipo unapitisha kwenye maji yenye vinega kidogo kurudisha unyoya hali yake.

Rangi yenyewe nitarudi kueleza jioni, natoka kidogo.

Mto_Gura

Mimi ni mvuvi, si fundi, niko Nyeri, lakini nina la kusema na naomba mnivumilie.

Kaka, kwa nini unatumia jogoo kwa flai ya kuzama? Unyoya wa shingo ya jogoo ni mgumu, unang'aa, unasimama, unazuia maji, huo ni wa flai ya kuelea. Flai ya kuzama inataka unyoya wa KUKU JIKE, shingo ya jike ni laini, inanywa maji na ikiwa ndani ya mto inacheza kama miguu ya mdudu. Trauti anakamata kile kinachocheza. Kastoma wa Scotland atajua mara moja akitia kwenye maji.

Na ukitumia jike shida yako ya weupe imeisha. Tafuta kuku wa mayai weupe, wale waliomaliza kutaga wanauzwa kwa bei ya chini. Ni wakubwa, manyoya yamekomaa. Watu watakwambia kwa nini usitumie wa nyama si wao ni weupe na wamejaa kila mahali, lakini wale wanachinjwa wakiwa na wiki tano sita, manyoya bado ni machanga, mengine bado yana damu ndani ya uti, na shingo yake haina kitu. Mkubwa mweupe ndiye.

Mimi nimevua Gura tangu nikiwa kijana, mto huo ndio trauti wa kwanza waliletwa Kenya, 1905, mlowezi Mwingereza aitwaye Grogan alileta mayai kutoka Scotland. Inanifurahisha kwamba miaka mia na zaidi baadaye flai ndizo zinatoka Kariobangi kwenda Scotland. Kwa hivyo ifanye vizuri bana, hiyo ni kazi ya heshima.

Jambo la mwisho, nimeona flai nyingi za kuelea zimefungwa kwa unyoya uliotolewa rangi sana. Zinaelea mara mbili tatu kisha zinanywa maji na vinyuzi vinajikunja. Kwa maoni yangu flai ya kuelea itumie rangi ya kuku mwenyewe alivyozaliwa nayo kila inapowezekana. Ile Adams, moja ya flai zinazojulikana sana duniani, inatumia manyoya ya jogoo wa mistari na ya jogoo mwekundu yakiwa pamoja bila rangi yoyote ya dukani, na samaki hawajawahi kulalamika. Na maji yenu ya jiki na rangi tafadhali msimwage karibu na mto, trauti anakufa kwa klorini kidogo sana.

mama_chumba_cha_rangi

Mto_Gura umesema kweli kuhusu jike, na mimi nilikuwa naenda huko huko. Kuhusu kuelea nakubali nusu. Unyoya uliotolewa rangi polepole na ukasuuzwa vizuri unaelea, tumeuza mwingi sana. Unaokufa ni ule wa haraka haraka.

Haya, rangi. Kosa lako fundi ni kwamba rangi ya pamba ni ya pamba. Unyoya si pamba, ni kama sufi na hariri, unataka rangi ya asidi, ile inayouzwa kwa watu wa kutia rangi sufi. Ukikosa, hata rangi ya chakula, ile ya unga au ya maji ya kutia kwenye keki, nyingi ya hizo ni rangi za asidi na zinashika unyoya vizuri tu ukitia vinega. Nimeona mtu amepata manjano kali na nyekundu nzuri sana kwa rangi ya chakula peke yake.

Kipimo, kwa gramu 100 za manyoya makavu rangi gramu moja mpaka mbili inatosha, kwa hafifu chini ya hapo sana. Pima kwa mizani ndogo, usikadirie kwa kijiko kwa sababu oda inayofuata kastoma atataka ile ile na utakuwa umesahau kijiko kilikuwa kimejaa kiasi gani. Koroga rangi kwanza na maji ya moto kikombe kimoja mpaka iyeyuke yote, chuja kwa kitambaa, punje isiyoyeyuka ikigusa unyoya mweupe inaacha doa halitoki.

Sufuria ya chuma kisichopata kutu au ya enameli, na isipikiwe chakula tena. Maji ya kutosha manyoya yaogelee. Pasha mpaka kama digrii 60 au 70, mvuke unatoka lakini HAICHEMKI. Ikichemka manyoya yanapinda, na kama yako kwenye ngozi usivuke 50 hivi, ngozi inajikunja kama nyama ya kukaanga na uti unageukia kila upande. Manyoya yaliyolowa ndiyo yanaingia, makavu yatashika rangi kwa nje tu na katikati yabaki meupe. Koroga taratibu dakika tano bila vinega, rangi isambae. Ndipo unatia vinega, kikombe nusu kwa sufuria ya lita nne, lakini toa manyoya pembeni kwanza au mimina mbali nayo kidogo kidogo. Watu wengi wanatia vinega mwanzo kabisa, rangi inarukia unyoya wa kwanza ulio karibu na mwingine unabaki na njaa.

Utaona maji yanaanza kuwa safi, rangi inahamia kwenye unyoya. Hiyo ndiyo raha ya hii kazi, mpaka leo napenda kuiangalia.

Unyoya ukiwa umelowa unaonekana mweusi zaidi kuliko utakavyokuwa. Kila dakika chache toa mmoja, kandamiza kwa tishu, upulizie ukauke, uupeleke dirishani mwanga wa mchana, si wa balbu. Ukifika toa yote, suuza na maji ya uvuguvugu kisha baridi mpaka maji yatoke safi. Kukausha, tia kwenye foronya ya mto, funga mdomo, pulizia na drai ya nywele kwa ndani, manyoya yanaruka ruka humo na kufunguka yenyewe. Manyoya laini yale ya marabou yasipokaushwa hivi yanabaki kama kamba.

(Hayo marabou kwa wasiojua siku hizi ni ya bata mzinga. Jina tu ndilo limebaki la yule korongo mkubwa mwenye upara mnayemwona kwenye miti ya Mombasa Road karibu na Nyayo Stadium. Zamani sana ndio yalikuwa yake kweli. Msije mkaenda kumwokotea manyoya, sheria ya wanyamapori inahesabu hata unyoya.)

Zaituni usinunue pakiti ya zaituni ukiweza kuichanganya. Manjano nyingi, kahawia kidogo, na tone la nyeusi au bluu. Utaweza kuisogeza.

fundi_kariobangi

Mama asante sana, na wengine wote. Dada wa saluni nimesoma ile ya vinega na jiki nikaita mke wangu akaisoma pia, tumemwaga ile jiki yote iliyobaki ndani ya nyumba.

Nimepata kuku jike weupe 12 kwa jirani anayeuza mayai Njiru. Jumamosi nafanya. Maswali mawili. Kijivu cha moshi nikitia rangi nyeusi kidogo nilipata zambarau, mbona? Na kanga vipi?

mwl_kemia_Thika

Nafundisha kemia sekondari, nimefurahi kuona mada hii, ngoja niongeze sababu maana ukijua sababu hutahitaji kuuliza kila mara.

Unyoya, kucha, pembe, nywele, vyote ni protini inayoitwa keratini. Protini hiyo inashikiliwa pamoja na vifungo vya salfa, vingi. Jiki inavivunja hivyo vifungo kwa kasi kabisa na protini inageuka uji. Peroksaidi nayo inavivunja, tusidanganyane, lakini polepole, na wakati huo huo inakula melanini ambayo ndiyo weusi wenyewe. Kwa hiyo ni mbio, unataka melanini iishe kabla keratini haijachoka. Ndiyo sababu mama anasema asilimia 6 na kuangalia kila nusu saa. Baada ya hapo suuza vizuri kabisa kabla ya kutia vinega, peroksaidi na vinega vikikaa pamoja vinatengeneza asidi nyingine kali ya kuwasha macho.

Halafu kuna rangi ambazo si rangi. Kijani kinachong'aa cha mkia wa jogoo na bluu ya tausi hakuna unga wa bluu ndani yake, ni mpangilio wa chembe za melanini unaovunja mwanga. Ukitoa melanini mng'ao unaondoka wa kwanza. Ukitaka kubaki na mng'ao usitoe rangi.

Kwa nini vinega? Kwenye asidi unyoya unabeba chaji chanya, na rangi ya asidi ina chaji hasi, zinavutana na kushikana. Rangi ya pamba inategemea njia nyingine, ndiyo maana ilitoka na maji.

Na zambarau yako: rangi nyeusi ya pakiti mara nyingi ni mchanganyiko wa rangi kadhaa, ukiitia kidogo mojawapo inajitokeza. Zambarau inauawa na manjano. Tia manjano kwa ncha ya kisu, kidogo sana, au anza na unyoya wa rangi ya krimu badala ya mweupe kabisa, manjano inakuwa tayari imo.

Jambo moja la usalama. Kwenye mapishi ya zamani ya Waingereza ya kupata zaituni utakuta asidi ya pikriki. Ikikauka inalipuka, ilitumika kwenye mabomu. Ukiikuta kwenye karatasi yoyote ya zamani pita mbali.

Mto_Gura

Mwalimu kwa zaituni bila dukani kuna ngozi za vitunguu vyekundu vya kawaida. Bibi yangu alitia rangi sufi hivyo. Chemsha ngozi nyingi, chuja, tia shabu, unapata manjano ya dhahabu, na ukitia misumari yenye kutu kwenye maji hayo inageuka zaituni iliyokolea. Majani ya chai nayo yanatoa rangi ya mchanga nzuri sana kwa flai za kuelea. Si rangi ya kurudia ile ile kila mara, lakini kwa mtu anayefunga zake mwenyewe inatosha.

mama_chumba_cha_rangi

Vitunguu nakubali, ila fundi ana dazeni 40 zinazotakiwa kufanana, asitumie vitunguu kwa oda.

Kanga sasa. Usimtoe rangi kanga mpaka uwe na sababu. Uzuri wake ni zile nukta nyeupe kwenye weusi. Ukimtia rangi moja kwa moja, nukta tu ndizo zinashika, weusi unabaki, unapata nukta za bluu au za machungwa kwenye usiku, nzuri sana. Kanga wa bluu anatafutwa na wafungaji wa flai za samaki samoni kuchukua nafasi ya ndege fulani wa Ulaya mwenye manyoya ya bluu ambaye hapatikani kirahisi. Ukimtoa rangi kidogo kwanza, weusi unakuwa kahawia, halafu ukitia zaituni yote inakuwa zaituni yenye nukta, hiyo ni nzuri kwa miguu ya flai za kuzama.

Na hili nalisema kwa moyo wangu wote. Hii kazi ya kutia rangi manyoya ya kuku na kanga ndiyo inayookoa ndege wengine. Mwaka 2009 kijana mmoja, mwanafunzi wa muziki, aliingia usiku kwenye jumba la makumbusho la Tring kule Uingereza akaiba ngozi za ndege 299, ndege adimu, zingine zilikusanywa enzi za karne ya 19, kwa ajili ya manyoya ya flai za samoni za kizamani. Nyingi hazikurudi zikiwa kamili. Kuku aliyetiwa rangi na mtu anayejua angemtosha. Kwa hivyo mtu akikuambia unyoya wa kutia rangi ni wa bandia usione haya.

Ndugu yako wa Machakos mwambie akupe nakala ya kile kibali, kaa nayo. Kastoma wa nje atakuomba karatasi, na wa Marekani wana sheria yao ya ndege wahamao tangu 1918, wanaogopa unyoya usiojulikana umetoka wapi.

fundi_kariobangi

Nimerudi na ripoti.

Shingo za jike 12 tuliosha mara mbili, ya kwanza maji yalitoka kama mchuzi kabisa, sikujua kuku mweupe ana mafuta hivyo. Nilizinyofoa manyoya kwanza nikayatia rangi yakiwa huru kwa sababu niliogopa ngozi kujikunja. Gramu 60 za manyoya, nikapima manjano, kahawia na bluu kidogo kwenye mizani ya mke wangu ya keki. Jaribio la kwanza lilikuwa gramu tano tu za manyoya, lilitoka kijani mno, nikapunguza bluu nusu. La pili lilikuwa zuri. Ile ya maji kuwa safi baada ya vinega nimeiona kwa macho yangu, shemeji alidhani rangi imeharibika, mimi nikamwambia tulia.

Kukausha kwa foronya kumefanya kazi vizuri kuliko nilivyotegemea, manyoya yametoka yamefunguka yote.

Kijivu nilitumia jogoo wawili wa rangi ya krimu niliopata Kariokor, nyeusi kidogo sana na manjano ncha ya kisu. Zambarau haipo. Dirishani asubuhi ilikuwa moshi kabisa. Ngozi moja ilipinda pembeni kidogo, nadhani nilipitisha digrii 50, nyingine iko sawa.

Zile shingo nyekundu mbili zilizobaki nilizitoa rangi kwa peroksaidi ya 20 na amonia, masaa matatu na nusu, nikatoa zikiwa tangawizi nikaacha hapo hapo. Vinyuzi havikatiki, nimezungusha kwenye ndoano namba 14 zamu sita bila shida. Hizo sizitii rangi nyingine, ni nzuri hivyo.

Nimefunga flai sita za mfano, tatu zaituni tatu kijivu, zimeenda Scotland Jumanne. Mama, kila rangi nimebandika unyoya mmoja mkavu kwenye daftari na kando yake nimeandika gramu, joto na dakika.

mama_chumba_cha_rangi

Vizuri sana mwanangu. Bandika na mwingine wa kabla ya kutia rangi pembeni yake, maana kuku mweupe wa leo na wa mwezi ujao si weupe mmoja. Na daftari liweke mbali na dirisha, rangi za manjano zinapauka na jua.

Kanga wakifika niandikie tuanze na bluu.